Kura Tulizopiga kwa Maharagi

Kwetu, kwenye milima ya juu ya Kalembe, gunia halikuwa na haja ya kuandikwa jina. Ukimwaga maharagi mbele ya mwanamke yeyote wa rika langu, atakuambia yametoka nyumba gani. Ya mama mmoja wa ng'ambo ya mto yalikuwa meusi kama mbegu za papai. Ya jirani yangu yalikuwa madogo, ya manjano, na jicho jeupe. Yangu yalikuwa mekundu yenye mistari myeusi, kama yamekwaruzwa na kucha. Mama yangu alinifungia mbegu yake kwenye pindo la kitenge siku nilipoolewa, na sikuwahi kuyachanganya na ya mtu.

Kila msimu nilitenga mbegu kwanza. Nilizikoroga na majivu, nikazitia kwenye kibuyu. Zilizobaki njo zilipikwa (njo yetu ni ndiyo ya wengine), na zilizobaki tena njo zilienda sokoni kuleta chumvi na sabuni. Ukigeuza utaratibu huo hata msimu mmoja, unakuwa mtu wa kuomba mbegu, na mtu wa kuomba mbegu kwetu huishia kulima shamba la mwingine.

Ninaandika kwa sababu ya mbegu hiyo. Katika miaka ile ya vita, wakubwa walipogawana viti Kinshasa na kusema sasa tuko katika transisioni, kipindi cha mpito, walikuja watu kutufundisha demokrasia na soko huru. Vyote viwili vilipita juu ya kibuyu changu. Mimi niliacha shule darasa la tatu. Walichoandika kwenye ripoti zao sikijui. Ninajua kilichobaki kwenye kibuyu.

Sokoni tulikuwa na mukebe mama. Ulikuwa mukebe wa maziwa ya unga, wa zamani, bati nzito. Kila muuzaji na kila mnunuzi alikuwa na mukebe wake, na mikebe watu huifanyia ujanja: anayeuza anagonga kitako kiingie ndani, anayenunua anazungushia ukingo karatasi ngumu ili uchukue zaidi. Kwa hiyo kila mwanzo wa mavuno tulikusanyika, tukapima mikebe yote kwa ule mukebe mama. Uliokutwa na ujanja ulipondwa kwa jiwe, mwenyewe akitazama.

Mukebe mama ulikaa kwa mjane mmoja mwenye mdomo mkali, ambaye hakuwa na rafiki kwenye mlima mzima. Tulimpa yeye kwa sababu hiyo hiyo. Hakuna aliyewahi kunywa pombe kwake, kwa hiyo hakuna aliyeweza kumwomba kitu.

Kisha kulikuwa na mwenye kamio. Mtoto wa kwetu, alikulia mlima mmoja nasi, akaenda kutafuta, akarudi na kamio, lori kubwa la mizigo. Mapigano ya kwanza yalipotufikia, alitupakia wote, bure, akatushusha mji wa Sake. Mimi na watoto wangu tulikuwa juu ya magunia yake. Hilo nitaliandika kama lilivyokuwa, maana ni kweli, na kwa sababu mambo yote yalianzia hapo.

Tuliporudi milimani alifika mwenye jile. Hivyo njo tulivyomwita: kijana wa mjini, animatere, yaani mhamasishaji, wa shirika fulani, na jile, kizibao chenye mifuko mingi. Alikusanya watu sokoni. Akasema nchi inabadilika, kwamba mambo ya kuamriwa na chefu yamekwisha, kuwa tutachagua komite ya soko na prezida wake, na yeye prezida atashika vipimo. Akasema pia bei itakuwa huru. Alizungumza juu ya hayo mawili kama mtu anayezungumza juu ya mguu wa kulia na wa kushoto, kana kwamba mmoja hauwezi kutembea bila mwingine. Nilimsikiliza vizuri. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa kuondoka kesho yake.

Waliosimama kugombea walikuwa wawili, yule mjane, tuliyemwita mama wa mukebe, na mwenye kamio. Karatasi za kura zilikuwa zimekwama njiani, upande wa Sake. Basi mwenye jile akafikiri kidogo, akapata akili. Kila mtu alete haragi moja kutoka kwake. Vikapu viwili vitawekwa nyuma ya kitenge kilichotundikwa, kimoja na picha ya kamio, kingine na picha ya mukebe. Utaingia peke yako, utatia haragi lako, utatoka. Kura ya siri, akasema.

Tulicheka sana. Yeye alidhani tumefurahi.

Mama wa mukebe alikuwa amekaa karibu nami. Akasema, bila kushusha sauti: “Huyu mutoto anataka tujifiche nyuma ya kitenge, kisha atangaze mahali kila mutu alijificha.”

Hakuna aliyemweleza yule kijana. Wengine waliona aibu kumkatiza mgeni, wengine walitaka kuona itakavyokuwa. Tukapiga kura. Wanaume walipewa haragi na wake zao, kwa hiyo nao walijulikana.

Vikapu vilipomwagwa kwenye mkeka, watu waliinama kusoma. Ninaandika kusoma kwa sababu njo kilichofanyika. “Hii iko ya kwa mwalimu. Hii ya ng'ambo.” Kulikuwa na nyumba moja ambayo maharagi yake mawili yalikutwa kila moja kwenye kikapu chake, na bwana wa nyumba hiyo, mkewe alipokataa kumpikia, alikula kwa dada yake mpaka Jumapili. Kikapu cha kamio kilijaa. Karibu wote waliopanda kamio siku ile ya kukimbia walikuwa humo, ya manjano, meusi, ya kahawia, mtu mmoja mmoja. Mtu aliyekubeba wewe na watoto wako, unamnyimaje haragi? Mbele ya watu wanaojua haragi lako?

Kwenye kikapu cha mukebe yalikuwa machache tu, na mojawapo lilikuwa jekundu lenye mistari myeusi.

Mwenye kamio aliliokota kwa vidole viwili. “Mama, hii iko yako.”

“Iko yangu,” nikasema.

“Nilikubeba, weye na batoto.”

“Ulitubeba, nikakuambia aksanti. Leo banauliza nani atashika mukebe. Ile iko swali ingine.”

Alicheka kwa wema, akatia haragi kwenye mfuko wa shati lake. Watu nao wakacheka. Alikuwa ameshinda kwa haki, lazima niandike hivyo. Hakuna haragi lililozidi, hakuna lililokosa mwenyewe. Sijawahi kuona tena kura safi namna ile, na ile njo iliyotutia shimoni.

Kesho yake, kabla ya kupanda gari, mwenye jile alieleza soko huru. Chefu hatapanga tena bei ya siku. Kila mtu atamuuzia amtakaye, kwa mukebe wowote. Nilimuuliza juu ya mukebe mama. Akasema hayo ni mambo ya zamani: mnunuzi akija na mukebe mkubwa mno, watu watamkimbia waende kwa mwingine mwenye mukebe mdogo, na yule wa kwanza atajirekebisha mwenyewe. Aliita jambo hilo konkiranse. Nikaona lina akili. Hata leo naliona lina akili, mahali penye wanunuzi wawili.

Kwetu alikuwa mmoja. Mwenye kamio aliweka mukebe mpya wenye ukingo mpana, akadai kilele juu yake, na ile konzi ya matabishi, ya kumwongezea mnunuzi bure, juu ya kilele. Mukebe mama aliuchukua kwa mama wa mukebe, maana vipimo ni vya prezida, akawa anautumia kutilia maji kwenye radiatere ya kamio. Tulikuwa tunauona ukining'inia kwenye mlango wa gari kila siku ya soko.

Mnunuzi wa pili alijaribu kuja. Alikuwa Papa mmoja, kama tunavyowaita wazee, Mkatoliki wa upande wa Butembo, mwenye duka Sake, rozari kwenye kioo cha gari. Zamani hatukumpenda. Alikuwa mchoyo wa matabishi, na alilalamikia vumbi, na mvua, na mawe kwenye maharagi. Lakini mukebe wake ulipimwa mara zote na haukuwahi kupondwa. Siku moja alifika sokoni kwa miguu, viatu mkononi, suruali imelowa matope mpaka magotini. Wanawake wakamuuliza gari limefia wapi.

“Haikufa,” akasema, akionyesha chini kwenye kizuizi cha askari. “Iko pa bariere. Komanda anasema kamio ya prezida wa soko njo inapita. Ingine inangoja.”

“Inangoja nini, Papa?”

“Minamuuliza ile ile. Anasema inangoja tu.”

Akakaa kwenye gunia tupu, akafuta miguu yake kwa majani. Tulimpa muhogo wa kuchoma. Nikamwambia mbona walituambia soko ni huru.

“Soko iko huru, Mama,” akasema. “Barabara njo haiko.”

Alirudi zake. Gari lake lilipoachiwa liligeuza kuelekea Sake, na hatukumwona tena.

Sasa nataja wenye makosa. Majina siandiki, wenyewe wapo hai na mlima ni mdogo. Wa kwanza ni komanda wa bariere, aliyeuza barabara. Siku hizi ana nyumba ya matofali Goma. Wa pili ni mwenye kamio, aliyeinunua, aliyejua kuwa tunamheshimu na akaigeuza heshima yetu kuwa ukingo wa mukebe. Wa tatu ni mwenye jile. Wengi husema mwache, alikuwa kijana. Simwachi. Alitupa kura na akatunyang'anya mukebe asubuhi moja, akaandika kwamba ametuletea vitu viwili. Wanawake waliotia maharagi yao kwenye kikapu cha kamio siwataji, hawakufanya kosa. Walilipa fadhila.

Mavuno hayo, kwa mukebe ule, nilihitaji kuuza karibu mara mbili kupata chumvi ile ile. Nikafungua kibuyu cha mbegu, nikachukua konzi. Msimu uliofuata nikachukua zaidi. Na sikuwa peke yangu.

Hapo njo zikaja mbegu nyeupe. Mradi mwingine, gari lingine, lakini maneno yale yale ya kubadilisha nchi. Walisema wanunuzi wa Goma wanataka maharagi ya rangi moja. Kwa kuwa mwenye kamio alikuwa amechaguliwa na watu, mbegu zilipitia kwake. Akagawa bila ubaguzi, hata mimi alinipa. Kisha komite ikatangaza kuwa soko litapokea nyeupe tu. Mchanganyiko, kama walivyoyaita maharagi yetu, ukapikwe nyumbani.

Nyeupe zilizaa vizuri, sitasema uongo. Wanawake waliokuwa wamekwisha kula mbegu zao walizipokea kama mvua. Ya manjano yakapotea kwanza, halafu meusi ya ng'ambo. Mimi nilipanda nyeupe shambani, na yangu mekundu nikayapandisha kwenye miti mifupi nyuma ya migomba, kidogo tu, ya kutunza. Mwenye kamio alipita hapo akayaona. Aligusa mfuko wa shati.

Mapigano yakarudi. Safari hii kamio ilikuwa Goma, tukatembea. Nyumba yangu ilichomwa na kibuyu ndani yake. Nilichobaki nacho ni konzi ya maharagi mekundu niliyokuwa nimeishona kwenye pindo la kitenge, kama mama yangu alivyofanya, sikumbuki kwa nini siku hiyo na si nyingine. Kambini Sake, kwenye mawe meusi ya volkano, mvua iliingia katika pindo na mengine yakaoza. Njaa ilikuwepo, haina haja ya kuielezea. Binti yangu alikuwa akiligusa pindo lile na kuniuliza:

“Mama, hii tutaipika lini?”

“Siku tutarudia kwetu.”

“Na kama haturudie?”

Niligeuza pindo upande mkavu. Yeye aliendelea kuligusa.

Mama wa mukebe alifia kambini, kwa kuhara. Alipokaribia mwisho alikuwa bado anagombana na jirani juu ya turubai. Mukamwana wake, mke wa mwanawe, alimzika, akarudi nasi milimani amani ilipotangazwa tena.

Tulikuta mwenye kamio amekwisha kurudi, anagawa mbegu nyeupe, na soko limefunguliwa. Na mwenye jile akafika, gari jipya, mwili umeongezeka. Kipindi cha komite kilikuwa kimekwisha, akasema, na demokrasia ni kurudia. Aliikumbuka sana ile kura yetu. Alituambia ameisimulia mbali, mpaka kwa wazungu, wakaipenda. Tutaifanya vile vile.

Mukamwana akasimama kushindana na mwenye kamio. Alikuwa na neno moja tu: mukebe mama utoke kwenye mlango wa kamio urudi sokoni. Siku zile wanawake walipita nyumba hadi nyumba, mtoni, shambani, na kila mmoja alimwambia mwenzake kuwa safari hii zamu ya kamio imekwisha, fadhila imelipwa mpaka ikazidi. Niliwasikia kwa masikio yangu. Mmoja alisema: “Nilipanda kamio yake mara moja. Yeye amepanda mugongo yangu miaka yote.” Tukacheka mpaka tukatua mizigo.

Asubuhi ya kura kila mtu alikuja na haragi lake. Nyeupe. Hapakuwa na rangi nyingine kwenye mlima. Nilikuwa na nyeupe nyumbani, nami ningeweza kuleta moja kama wenzangu. Nilifungua pindo. Yalikuwa yamebaki machache ambayo yangeweza kuota, na kila moja lilikuwa shina zima. Nikachukua mojawapo. Binti yangu aliniona, akasema: “Ile tulikataa kula, njo unaenda kutupa?”

Nikamwambia sitalitupa.

Nyuma ya kitenge nikalitia kwenye kikapu cha mukamwana.

Vikapu vilimwagwa. Kikapu cha kamio kilimwaga maharagi mpaka yakatoka nje ya mkeka, watoto wa kuku wakaja. Yalikuwa mengi kuliko watu wa soko, na watu wa soko wote walikuwa wamesimama pale, wanaonekana. Mwenye jile alianza kuhesabu, akachoka, akasema tofauti ni kubwa sana, hakuna haja. Kikapu cha mukamwana kilikuwa na viganja viwili vitatu tu. Mwenye kamio alipewa mkono.

Kisha wanawake wakaanza kutazamana. Yule aliyesema juu ya mgongo wake akainama kwenye mkeka, akatafuta haragi lake. Akaokota moja, akaliacha, akaokota lingine. Yote yalikuwa haragi lake. Akasimama.

“Yangu iko wapi?” akauliza, si kwa mtu fulani.

“Mama, ile njo kura ya siri,” mwenye jile akamwambia kwa upole. “Hakuna mutu anaweza kujua.”

Na kweli safari hii alikuwa amefanikiwa. Ile kura ya kwanza ambayo kila mtu alijulikana haikuweza kuibiwa hata haragi moja. Hii ya siri, aliyekuwa na gunia la nyeupe aliweza kumwaga gunia. Aliyetuletea rangi moja na aliyetuletea kitenge cha kujificha hawakuwahi kukutana, nadhani. Hawakuwa na haja.

Nikaenda kwenye lundo la mukamwana. Langu lilikuwa juu kabisa. Nikasema mbele ya wote kwamba hili jekundu ni langu na kila mtu ameliona lilipo, na sasa kila aliyempigia mukamwana aonyeshe lake. Hawakuwa na cha kuonyesha. Wengine walianza kunitazama kama mtu aliyewatukana.

Nikamwomba mwenye jile anirudishie haragi langu.

Alishangaa. Akasema kura hairudishwi nyumbani, ni mali ya komite mpaka ripoti iandikwe. Nikamwambia komite wana magunia, mimi nina hilo. Hapo mwenye kamio akaja, akaliokota kwa vidole viwili kama mara ya kwanza, akalitazama.

“Ile ya kwanza nilikula,” akasema. “Ilikuwa tamu.”

“Ilikuwa mbegu,” nikamwambia.

Akanitilia mkononi. “Chukua, Mama. Moja haibadilishe kitu.”

Nililipanda nyuma ya migomba pamoja na wenzake, chini ya miti mifupi. Panya walikula mengine. Hilo liliota. Lilinipa kiganja kimoja msimu ule, na msimu wa pili nikajaza mukebe, mdogo, usio na ukingo. Sokoni halipokelewi mpaka leo.

Wakati huo wanawake walikuwa wameanza kuulizia mbegu za zamani. Hawakusema kwa ajili gani, lakini kila mmoja alitaka haragi litakalojulikana kuwa lake. Mmoja alituma ujumbe kwa wakwe zake, mwingine alitembea mpaka Kibua kwa shangazi yake kuona kama kuna aliyetunza maharagi ya manjano. Mukamwana alikuja kwangu na nyeusi chache kwenye jani, akaniuliza kama njo zile za ng'ambo ao nyingine. Nikazigeuza kwenye mwanga. Nikamwambia njo zile.

Kabla ya kura ya tatu mwenye jile alifika na sanduku. Karatasi safari hii hazikukwama. Zilikuwa na picha za sura, tena za rangi. Akatuambia ile kura ya maharagi ilikuwa nzuri ila ya mpito tu.

Mukamwana alikuwa amesimama karibu nami, mfuko wa mbegu nyeusi kifuani. Akaniuliza sasa hizi tufanye nini.

Mvua ilikuwa karibu. Nikamwambia tupande.